Gari la Moshi Halina Usukani

Mazungumzo juu ya hatari za vivuko vya reli, kwa madereva, makanga, wapanda baiskeli na wenda kwa miguu

Wasikilizaji wengi wanajua kuendesha motokaa, au wamepanda matatu na mabasi mara nyingi kiasi cha kujua dereva afanyavyo aonapo ng'ombe katikati ya barabara. Hukanyaga breki, hupinda usukani upande huu au ule, na mara nyingi ng'ombe yule hurudi zizini jioni akiwa mzima. Kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba dereva wa gari la moshi naye aweza kufanya vivyo hivyo akiona basi limesimama juu ya reli. Hawezi. Gari la moshi halina usukani. Njia yake ilikwisha kuchaguliwa na wale walioilaza reli, na katika nchi ya Kenya ilichaguliwa zamani sana. Kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Barabara nyingi zinazoikata reli hiyo zilikuja baadaye. Basi katika kivuko cha reli mwenyeji ni gari la moshi, na motokaa ni mgeni. Na mgeni ndiye apigaye hodi.

Habari ya breki yafaa ielezwe kwa urefu kidogo, maana wengi hawaijui. Gurudumu la motokaa ni la mpira, na mpira huishika lami kwa nguvu. Gurudumu la gari la moshi ni chuma, nalo hukimbia juu ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza, na utelezi huo ndio faida kubwa ya reli, kwa kuwa kwa ajili yake injini moja huweza kuvuta mzigo ambao malori mengi yasingeuweza. Mtu akienda katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi ataiona injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, katika mwaka wa 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Injini hiyo peke yake ina uzito wa tani 250 hivi, na iliweza kuvuta mabehewa ya tani 1,200 kupanda kutoka pwani mpaka bara. Lakini utelezi ule ule uliofanya kazi ya kuvuta iwe nyepesi, hufanya kazi ya kusimamisha iwe ngumu. Treni ya mizigo iendayo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huhitaji mita mia kadhaa kabla ya kusimama hata breki zikishikwa zote kwa mara moja. Na kama mzigo ni mzito na njia yateremka, yaweza kupita kilomita nzima.

Motokaa ndogo ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Treni ya tani 1,500 ni sawa na motokaa elfu moja za namna hiyo zikija pamoja. Atakaye mfano wa nyumbani, na afikiri habari za jogoo mkubwa wa kilo tano mbele ya ndovu wa tani tano. Hesabu ni ile ile. Wala basi lililojaa abiria halibadili mambo sana. Badala ya jogoo mmoja, waweza kusema ni jogoo kumi.

Jambo hili lina uchungu wake kwa dereva wa treni pia, ambaye husahauliwa katika maneno ya namna hii. Yeye huketi mbele kabisa, akaona kila kitu. Akiona matatu imesimama juu ya reli, hupiga honi, huvuta breki yote, na baada ya hapo hakuna tena kazi ya kufanya. Hubaki kutazama. Aweza kuona nyuso za watu dirishani, naye bado ana sekunde nyingi za kungoja.

Sasa mtu atauliza: mbona kitu kikubwa namna hiyo kisionekane kwa mbali? Huonekana, lakini macho hudanganya. Kitu kikubwa kikienda mbio huonekana kama kinakwenda polepole. Ndege kubwa ya abiria ikitua uwanjani Embakasi huonekana kana kwamba inaelea tu hewani, na shomoro akipita karibu huonekana mwepesi zaidi; kumbe ndege ile inakwenda mbio mara nyingi kumshinda. Ndivyo ilivyo kwa treni. Tena aliye kivukoni huitazama ikimjia uso kwa uso, haivuki mbele ya macho yake kama motokaa ipitayo, ila huongezeka ukubwa kidogo kidogo, na ukuaji huo macho hayaupimi vizuri mpaka imekaribia kabisa. Dereva husema moyoni, "Ingali mbali." Treni ya kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Lori refu lenye tela, likiondoka kutoka kusimama, laweza kutumia sekunde 15 kabla mkia wake haujatoka relini. Na katika muda huo treni imekwisha kupita mita 250.

Masikio nayo hayategemewi siku hizi. Vioo vimefungwa, muziki wa matatu unalia, mvua inapiga juu ya bati la gari, na wenda kwa miguu wengi wamejiziba masikio kwa vidude vya simu.

Walakini hatari iliyo kubwa kuliko zote haitoki machoni wala masikioni. Ni mazoea. Mtu aliyevuka reli ile ile asubuhi na jioni kwa miaka mitano bila kuonana na treni hata mara moja, huacha kuihesabu kuwa ni reli. Huwa kwake ni tuta tu la barabarani. Katika Kenya jambo hili lina sababu ya pekee, kwa maana ziko reli zilizolala kisha zikaamka. Njia ya Nairobi mpaka Nanyuki ilikaa miaka mingi bila treni. Watu wakafanya soko juu yake, wakapanda mboga kando yake, na watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda shule bila kuiona injini ikipita. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 treni zikarudi. Mwaka uliofuata, Desemba tena, treni ya abiria ikarudi katika njia ya Kisumu. Mtu mzima huweza kuambiwa habari hiyo akaisikia na kuikubali, lakini miguu yake ikaendelea na desturi ya zamani. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa juu ya matuta na madaraja, barabara zikapitishwa chini yake au juu yake, na kwa hiyo shida hii ya vivuko haiihusu sana. Reli ya zamani ndiyo inayokatwa na barabara katika miji, mashamba na masoko, na mahali pengi hapana geti wala mlinzi, ila ubao tu wenye alama ya msalaba uliolala.

Mjini Nairobi, tarehe 30 Oktoba 2013, basi la abiria liligongwa na treni ya asubuhi katika kivuko cha Mutindwa, upande wa mashariki wa mji. Watu zaidi ya kumi walikufa, nao walikuwa watu waliotoka nyumbani kwenda kazini. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 basi lililochukua wafanyakazi liligongwa na treni karibu na Naivasha, na hapo pia watu wakapoteza maisha.

Nchi nyingine zimepata mafunzo yao kwa bei hiyo hiyo, na mafunzo matatu yafaa yasimuliwe.

La kwanza ni la jimbo la Utah katika Marekani. Tarehe 1 Desemba 1938, asubuhi ya theluji nyingi, basi lililochukua watoto wa shule lilifika kwenye kivuko cha reli kusini ya mji wa Salt Lake City. Dereva wake hakuwa mzembe. Alisimama, kama ilivyompasa. Lakini theluji ilikuwa ikianguka kwa wingi hata asione mbali, naye akaingia relini. Treni ya mizigo ikalipiga basi lile, akafa yeye na watoto zaidi ya ishirini. Baada ya msiba huo Wamarekani walitambua kwamba kusimama peke yake hakutoshi, wakaweka sheria kwamba basi la shule likifika relini lisimame, dereva afungue mlango, asikilize, ndipo avuke. Kufungua mlango hakugharimu hata senti moja. Katika mabasi na matatu ya hapa yuko mtu ambaye kazi hii ingemfaa kabisa, naye ni makanga. Yeye hushuka na kupanda siku nzima kwa ajili ya abiria mmoja wa shilingi hamsini. Hashindwi kushuka relini, akatembea mbele, akatazama pande zote mbili, kisha akampungia mkono dereva.

La pili ni la Blackheath, karibu na Cape Town, Afrika ya Kusini. Hapo theluji haikuwako, wala kivuko hakikukosa geti. Asubuhi ya tarehe 25 Agosti 2010 geti lilikuwa limeshuka na motokaa zimesimama kwa mstari zikingoja treni ipite. Gari dogo la abiria lililochukua watoto 14 wa shule lilitoka katika mstari, likazipita motokaa zilizongoja, likazunguka geti, likaingia relini. Watoto kumi walikufa. Dereva alipona, akashtakiwa, akafungwa gerezani. Wale waliokuwa ndani ya motokaa zilizongoja walifika waendako labda dakika mbili baadaye kuliko walivyokusudia.

La tatu ni la Hixon, katika Uingereza, tarehe 6 Januari 1968, na hili ni la kushangaza zaidi kwa kuwa hapakuwa na haraka yoyote. Gari refu la mita 45 lilikuwa limebeba mtambo wa umeme wa tani 120, likienda polepole kuliko mtu anayetembea, na polisi wakilisindikiza. Kivuko kilikuwa cha mtambo unaojiendesha wenyewe: taa zikiwaka na kizuizi kikishuka, treni hufika baada ya sekunde 24. Sekunde 24 zatosha kwa motokaa. Kwa gari lile zilikuwa chache mno, maana lilihitaji muda wa dakika nzima kuivuka reli. Kando ya kivuko palikuwa na simu, na tangazo likiwaagiza wenye magari makubwa au ya polepole wampigie mwangalizi wa ishara kabla ya kuvuka. Hakuna aliyepiga. Treni ya Manchester kwenda London ikaligonga, wakafa watu 11. Uchunguzi mkubwa ulifanywa mbele ya watu wote, na ikaonekana kwamba wengi waliohusika hawakujua kabisa kwamba sharti lile liko; tangazo lenyewe lilikuwa dogo, tena limewekwa mahali ambapo mwenye gari asingelisoma bila kushuka. Wenye matrekta ya kuvuta miwa katika mashamba ya Nyanza, na wenye malori ya kubeba mitambo, wana sababu ya kuikumbuka habari hiyo kuliko wengine.

Katika miji liko jambo jingine, nalo ni msongamano. Dereva huifuata motokaa ya mbele mpaka ikasimama, ndipo agundue kwamba yeye yuko juu ya reli, na nyuma yake tayari yuko mwingine. Hawezi kwenda mbele wala kurudi. Dawa yake hupatikana kabla ya kuingia: asiweke gurudumu relini mpaka aone upande wa pili nafasi inayolitosha gari lake zima. Wa nyuma watapiga honi na kutukana. Waache wapige. Na akiisha kuingia, avuke kwa gia moja ya nguvu bila kuibadilisha, kwa kuwa hapo kati ndipo injini nyingi huzimika.

Gari likizimika juu ya reli, watu watoke wote kwanza; mizigo, mifuko na kuku waachwe. Wengi hupoteza muda wakijaribu kulisukuma, huku abiria wamo ndani. Wakiisha kutoka, waondoke relini kabisa, na kama treni yaonekana inakuja, wakimbie kwa mshazari kuelekea upande ile itokako, wakiwa mbali na reli. Neno hili huonekana kama la mwendawazimu, lakini sababu yake ni wazi: treni ikilipiga gari, vyuma hutupwa mbele, kule iendako, na aliyekimbilia huko vyaweza kumfikia. Mtu mmoja mwenye mbio na apige mbio kando ya reli kwenda kuilaki, umbali wa mita mia nyingi awezavyo, akipunga shati, leso au kitu chochote kwa nguvu. Maana kwa desturi ya kazi ya reli kitu chochote kikipungwa kwa nguvu maana yake ni hatari, si lazima kiwe bendera nyekundu. Usiku apunge tochi au taa ya simu. Mwingine apige simu polisi au stesheni iliyo karibu, akitaja jina la mahali na upande wa reli, kwa sababu stesheni ikipata habari mapema yaweza kuizuia treni kabla haijaondoka.