Mchezaji Aliyehama Uwanja



Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwakumbusha wakimbiaji wanaojinyima mengi kwa ajili ya taji linaloharibika. Je, mchezaji afanye nini akiisha kutambua kwamba taji lake linanyauka?

Charles Studd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa bingwa wa kriketi, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Mwezi Agosti 1882 nchi yake ilipambana na Australia mjini London. Studd aliingia mwishoni, akasimama tayari na gongo lake. Lakini mwenzake alitolewa kabla yeye hajarushiwa hata mpira mmoja. Uingereza ikashindwa kwa alama 7 tu.

Baadaye ndugu yake aliugua sana. Kando ya kitanda kile Studd alijiuliza: sifa za uwanjani zamfaa nini mtu anayekikabili kifo? Mwaka 1885 alikwenda China kuhubiri Injili, akaugawa urithi wake. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 52 na afya dhaifu, alikwenda Kongo ya kaskazini-mashariki. Alifariki huko Ibambi mwaka 1931.

Hakuwa wa Kanisa letu, wala si kila alilotenda lafaa kuigwa: mkewe alibaki Uingereza kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ya Kongo. Lakini tujifunze neno moja. Ustahimilivu alioupata mchezoni hakuutupa. Aliuhamishia katika shamba la Bwana.

Ndugu zangu wa Mgwashi, kijana wetu akifunga bao tunambeba mabegani. Kijana huyohuyo akitaka kuwa katekista, baadhi yetu humcheka tukisema, “Utakula nini?” Swali hilo latuhusu sisi kwanza. Mwenye mahindi na maharage amkumbuke katekista wake. Na mzazi asizime wito wa mwanawe kwa kuwa hauna makofi.

Nawe katekista, upandaye mlima Jumapili ukawakuta wasikilizaji wanne tu, usivunjike moyo. Bwana hatakuuliza ulipigiwa makofi mangapi, wala ulirushiwa mipira mingapi. Atatazama kama alikukuta mahali pako, umesimama, nawe u tayari.

Mungu awabariki. Amina.