Kanuni Kabla ya Jina



Mwaka 1992 chama cha FORD kilivunjika kikibishania namna ya kumteua mgombea urais. Bwana Matiba alitaka wanachama wote wapige kura. Upande wa Mzee Jaramogi Oginga Odinga ulishikilia wajumbe. Kila upande, tuseme kweli, ulichagua njia iliyoufaa. Desemba, Rais Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi, ilhali Matiba, Kibaki na Odinga kwa jumla walipita 60. Mwana wetu George Anyona wa Kitutu Masaba, naye mgombea, hakufikisha hata moja.

Mlolongo wa 1988 tunaukumbuka pia: mstari mfupi ulitangazwa mshindi. Basi, kabla jina lolote halijatajwa, tunadai daftari la wanachama lisomwe hadharani katika kila kata, na kura ya mchujo iwe ya siri.