Kombi Gani? Uchaguzi wa Tahasusi na Masomo ya Kidato cha Tano na Sita

Vijana wawili wamemaliza kidato cha sita mwaka mmoja na wote wamepata daraja la tatu. Wa kwanza ana D mbili na E moja. Wa pili ana E tatu. Mtaani watapongezwa kwa maneno yale yale na wazazi wao watawapigia simu jamaa kwa furaha ile ile. Miezi michache baadaye, wa kwanza ataomba nafasi ya shahada na huenda akaipata. Wa pili ataambiwa hana sifa.

Hakuna aliyewadanganya. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, hivyo hivyo hadi F ambayo ni 7. Kadiri jumla ya masomo matatu ya tahasusi inavyokuwa ndogo, ndivyo daraja linavyokuwa zuri. Jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Kwa hiyo D, D, E ni 13, na E tatu ni 15: daraja moja. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutumia hesabu inayokwenda upande mwingine. Kwake A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kima cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni pointi 4 kutoka masomo mawili yaliyofaulu kwa A hadi E. Mwenye D mbili ameifikia 4 kamili. Mwenye E tatu, akichukua masomo yake mawili bora, anabaki na 2.

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya walimu wa taaluma, walimu wa unasihi na wazazi wenye watoto wa kidato cha tatu na cha nne. Hoja yake ni kwamba tahasusi ichaguliwe kwa kuanzia mwisho: kwanza kozi na masharti yake, kisha masomo, na kombi ije mwishoni. Kazi hiyo ifanyike mwanafunzi akiwa bado kidato cha tatu. Kwa sasa shule nyingi huenda kinyume. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka ndipo familia hukaa kikao, na kikao chenyewe huwa cha haraka, kikiongozwa na mjomba aliyesoma zamani.

Kosa la kwanza katika vikao hivyo ni kupanga kombi kama ngazi za akili. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) zinawekwa juu, EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) katikati, HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) chini. Mtoto aliyepata A ya Historia na B ya Kiingereza anasukumwa kwenye Fizikia kwa sababu "ana akili". Vyuo vikuu havifikiri hivyo. Ukifungua mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, hukuti kozi zikipangwa kwa hadhi ya kombi. Unakuta kila kozi imeorodheshewa masomo inayoyataka na kiwango cha ufaulu kinachotakiwa. Kozi ya sheria, kwa mfano, hupokea wahitimu wa masomo mbalimbali ya jamii, lugha na biashara, ila hutazama kwa makini Kiingereza cha mwombaji. Mwanafunzi mahiri wa HGL anayetaka uanasheria hana la kuonea aibu mbele ya mwenzake wa PCM.

Udaktari wa binadamu ndio unaoumiza wengi zaidi, kwa hiyo unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kozi hiyo inataka ufaulu wa A hadi E katika masomo yote matatu: Fizikia, Kemia na Biolojia, tena kwa viwango maalumu. Mchukue mwanafunzi wa PCB aliyepata A ya Biolojia, C ya Kemia na S ya Fizikia. Kwa hesabu ya NECTA ana 1, 3 na 6, jumla 10: daraja la pili. Nyumbani watachinja kuku. Lakini S, ambayo ni alama 35 hadi 39, haihesabiwi kuwa ufaulu kamili wa somo kwa ajili ya kuingia chuo kikuu. E huanzia 40. Kijana huyo anaweza kusoma shahada ya sayansi ya viumbe au ualimu wa sayansi na akang'ara, ila mlango wa udaktari umefungwa na somo ambalo huenda alilitoroka tangu kidato cha pili.

Wapo wanaolikwepa somo hilo mapema kwa kuchagua CBG: Kemia, Biolojia na Jiografia. Ni kombi nzuri sana kwa anayetaka kilimo, mazingira au misitu, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina kozi nyingi zinazomfaa. Tatizo ni pale mwanafunzi anapoichukua akiwa na koti jeupe kichwani. Amebakiza Biolojia na Kemia, ameondoa Fizikia, na kwa uamuzi huo mmoja ameshaachana na udaktari bila mtu kumwambia. Atagundua akiwa kidato cha sita, au baya zaidi, wakati anajaza maombi ya chuo.

Hisabati nayo ina mitego yake. Katika PCM, PGM na EGM inasomwa Hisabati ya Juu kama somo kamili, na ndiyo inayofungua uhandisi ikiambatana na Fizikia, na kozi za takwimu na hesabu za bima kwa wa EGM. Wasiochukua kombi hizo lakini wanasoma sayansi au uchumi wamekuwa wakikutana na hesabu katika somo la nyongeza, BAM (Basic Applied Mathematics), ambalo wanafunzi wengi hulidharau kwa sababu halimo katika masomo matatu ya tahasusi. Wa HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) anayetaka shahada ya uchumi asilidharau. Baadhi ya vyuo humtaka mwombaji asiye na Hisabati ya Juu aonyeshe ufaulu wa BAM au wa hesabu za kidato cha nne, na hata akipita hapo, uchumi wa chuo kikuu umejaa kalkulasi na takwimu tangu mwaka wa kwanza.

Hapa ndipo matokeo ya kidato cha nne yanapotakiwa kusomwa kwa uangalifu kuliko yanavyosomwa. Herufi C katika mtihani huo inaanzia alama 45 na kuishia 64. Mwenye 46 na mwenye 63 wote wana C, wote wana sifa ya kuendelea na somo hilo, na katika orodha ya waliochaguliwa hawatofautiani. Darasani watatofautiana wiki ya kwanza. Mwalimu wa somo, aliyesahihisha majaribio ya mwanafunzi huyo kwa miaka minne, anajua C hiyo ni ya namna gani, na neno lake lina uzito kuliko cheti. Katika Hisabati, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na ufaulu wa chini kuliko masomo mengine ya kidato cha nne, neno hilo la mwalimu linaweza kumwokolea mtu miaka miwili.

Uchaguzi wenyewe sasa umepanuka. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 49 mpya, zikajumlishwa na 16 zilizokuwepo na kufika 65, zikigusa lugha, biashara, michezo, sanaa na elimu ya dini pamoja na sayansi na masomo ya jamii. Ni hatua ya kupongezwa. Kijana anayependa kompyuta na fizikia, au Kifaransa na Kichina, hatalazimika tena kujibana katika kombi iliyopangwa kabla wazazi wake hawajazaliwa. Hata hivyo orodha ndefu inahitaji ushauri mwingi zaidi. Kabla ya kuvutiwa na kombi mpya, mwanafunzi aulize mambo mawili: shule gani inayo, ikiwa na walimu wake, na kozi anayoitaka inataja masomo gani kati ya hayo matatu. Kombi yenye somo moja tu linalotambuliwa na kozi husika haitamfikisha, kwa sababu masharti huanzia masomo mawili.

Jirani zetu wanapitia jambo hilo hilo kwa njia yao. Kenya iliachana na kidato cha tano na sita ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na sasa, kwa mtaala wa umilisi, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameanza Januari 2026 wakiwa wamegawanyika katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Wa Kenya anachagua akiwa na umri wa takribani miaka 15. Wa Tanzania ana nafasi ya mwaka mmoja au miwili zaidi ya kujitambua, na ni hasara kubwa kuipoteza nafasi hiyo kwa ukimya.

Baada ya kuchagua, kuna kusoma, na miaka miwili ya kidato cha tano na sita si miwili kwa kweli. Wanafunzi huripoti Julai na mtihani wa taifa huanza Mei ya mwaka wa pili; ukitoa likizo, muda uliobaki ni mfupi kwa mada nzito kiasi kile. Wanaofanya vizuri mara nyingi huanza pasti pepa mapema, wakiwa bado kidato cha tano, mada kwa mada. Wa sayansi wasiiache maabara hadi mwishoni: kushika bureti, kupima muda wa pendulamu au kupasua panya na mende ni ujuzi wa mikono, na mikono haijifunzi kwa kukariri daftari la mwenzako. Wa sanaa wana kazi ya kuandika. Insha ya Historia inataka hoja, ushahidi na Kiingereza kinachosomeka, na hayo huja kwa kuandika kila wiki na kusahihishwa.

Wala si kweli kwamba hayo yanawezekana kwenye shule za gharama tu. Mwaka 2016 shule iliyoongoza kitaifa katika matokeo ya kidato cha sita ilikuwa Kisimiri, shule ya Serikali iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru wilayani Arumeru. Iliwapita majirani wa mijini wenye maktaba kubwa na mabasi ya rangi. Kila mwalimu anayesema shule yake haina cha kufanya aitazame Kisimiri.

Jambo jingine linalokosekana ni kuiona kazi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita waende kazini kwanza, kisha ndipo waombe chuo kikuu. Sera ile ilikuwa na matatizo yake na haina haja ya kurudi, lakini kijana wa wakati ule aliingia chuoni akiwa ameona ofisi, kiwanda au shamba. Wa leo anachagua uhandisi bila kuwahi kukanyaga karakana. Ziara ya siku moja katika hospitali ya wilaya, ofisi ya ardhi au mahakama ya mwanzo, ikifanywa kidato cha tatu, ingefundisha zaidi ya hotuba tano za mahafali. Shule nyingi zina wahitimu wake wanaofanya kazi wilayani humo humo, na wengi wangekubali wakiombwa kwa barua.

Wazazi nao wajue kwamba kidato cha tano si njia pekee. Tangu ada ya kidato cha tano na sita ilipofutwa katika shule za Serikali mwaka wa fedha 2022/23, wengi wanaona ni hasara kumpeleka mtoto chuo cha kati. Kwa anayeipenda afya lakini Fizikia ya kidato cha tano na sita inamshinda, stashahada ya utabibu au uuguzi inampa kazi mapema, na akifaulu vizuri anaweza kuomba shahada baadaye. Kwa yule wa E tatu aliyetajwa mwanzoni, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya maandalizi kwa wahitimu wenye alama pungufu. Taarifa hizi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule kabla dirisha la Selform, fomu ya kuchagulia tahasusi au chuo, halijafunguliwa, pamoja na nakala ya mwongozo wa TCU wa mwaka huo, na mwalimu mmoja apewe vipindi rasmi kwenye ratiba vya kuzieleza.