Mgonjwa wa Mashine ya Kupumulia Asilale Tu

(Mazungumzo ya muuguzi na kikundi cha akina mama)

Mmemchangia mwenzenu aliye kwenye mashine ya kupumulia, na sasa mwaniuliza: mbona wauguzi wanamsumbua, mara wanamkunja miguu, mara wanamkalisha, na yeye ni mahututi? Si wamwache apumzike?

Sikilizeni. Mtu akifungwa plasta mguuni, siku ya kuifungua mguu umekonda, si ndiyo? Ndivyo ulivyo msuli wa kupumua, ule mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Mashine ikiufanyia kazi yote, huweza kuanza kusinyaa hata kabla ya siku tatu kwisha. Basi mapafu yanapona, lakini mtu anashindwa kuachana na mashine kwa udhaifu tu.

Huko Marekani madaktari walijaribu jambo hili kwa wagonjwa 104, wakatoa matokeo mwaka 2009. Waliofanyishwa mazoezi mapema, 59 katika kila 100 walitoka hospitali wakiweza kuoga, kuvaa na kutembea wenyewe. Wale wengine walikuwa 35 tu. Lakini wewe usiende kumvuta mkono! Daktari hutazama kwanza presha, moyo na oksijeni.

Sasa chakula. Msuli haujengwi kwa maji ya dripu. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji protini gramu 72 hivi au zaidi kwa siku, yaani kama mayai 12. Nani mgonjwa atakula hayo? Ndiyo maana hulishwa kwa mpira wa puani, kwa kipimo. Wanga ukizidi, mwili hutoa hewa chafu nyingi, na mapafu hayo hayo machovu ndiyo yaitoe.

Nilimkamata mama mmoja na chupa ya uji ndani ya leso. Ulikuwa upendo, sikumgombeza. Lakini hata mpira wa kooni ukishatolewa, kumeza huwa bado kuna shida; uji ukiingia mapafuni ni nimonia, na mashine tena. Ulizeni muuguzi kwanza.

Akirudi nyumbani, daktari akikubali, atembee hadi langoni, kesho yake hadi kwa jirani. Na zile pesa zilizobaki kwa mweka hazina, jameni, msinunue soda na glukosi. Nunueni mayai, maharagwe, omena, maziwa. Tuandike zamu sasa hivi. Nani atapika Jumatatu?