Galileo: Mbio 8, Kisha Shambani

Msikilizaji, farasi wa mbio Galileo alikimbia mara 8 tu. Akashinda 6, ikiwemo Derby ya Epsom ya 2001, kisha New York akaambulia nafasi ya sita. Akastaafu, akapelekwa shamba la Coolmore, Ireland, kuzalisha. Huko ndiko pesa ilikokuwa. Farasi wa mbio wa aina yake hawasajiliwi wakizaliwa kwa uhimilishaji; sharti jike aletwe, dume ampande mwenyewe. Mfugaji wa ng'ombe aliyezoea mrija wa mbegu atacheka, lakini uhaba huo ndio unaopandisha bei. Watoto 5 wa Galileo walitwaa Derby ileile. Mwingine, Frankel, alikimbia mara 14 bila kushindwa. Galileo alikufa Julai 2021. Frankel naye sasa anazalisha, Uingereza.