TAARIFA KWA WANACHAMA: BANDO LA "BILA KIKOMO" LISIWE NA KIKOMO KILICHOFICHWA
Maneno ya uongozi kwenye kikao cha tawi



Wengi wetu tumenunua bando la intaneti la "bila kikomo". Ukishatumia GB kadhaa, mtandao haukatiki, ila spidi inashushwa mpaka picha moja inagoma kufunguka. Ukiuliza, unaambiwa soma vigezo na masharti.

Tunaelewa kuwa mnara mmoja unahudumia watu wengi, na wachache wakizidisha wengine wanabanwa. Hatupingi mipaka. Tunapinga mipaka kufichwa. Bodaboda anayepokea oda kwa simu amepanga hela yake kwa kuamini tangazo, siyo maandishi madogo.

Jambo hili si la kwetu tu. Marekani, mwaka 2014, Tume ya Biashara (FTC) iliishtaki AT&T kwa kuwashushia spidi wateja wa "bila kikomo", baadhi yao baada ya GB 2 tu. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 60.

Tunadai mawili: kiwango kiandikwe kwenye tangazo lenyewe, na mteja atumiwe SMS kabla spidi haijashushwa.

Kwa sasa, tunza ujumbe wa kununua bando na uandike siku spidi iliposhuka. Lalamika kwanza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, peleka TCRA. Nakala mpe katibu wa tawi, tuyasukume malalamiko kwa pamoja. Mmoja hupuuzwa, tawi zima halipuuzwi.

Imetolewa na Uongozi wa Tawi. Mtumie na mwenzako.