MACHOZI YA HANA
Dominika ya Familia Takatifu



Leo, tunapoitazama Familia Takatifu ya Nazareti, tunakumbushwa pia habari za Hana, mke wa Elkana. Mwaka kwa mwaka alipanda kwenda Shilo, huku akichokozwa na mke mwenzake kwa sababu hakuzaa. Alipomlilia Bwana kwa uchungu, hata kuhani Eli alimdhania kuwa amelewa. Basi, tangu zamani mwanamke asiye na mtoto hubeba mizigo miwili: uchungu wake mwenyewe, na hukumu ya watu wasioujua uchungu huo.

Akina Hana wangali kati yetu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu mzima mmoja hivi kati ya sita hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Hata hivyo, katika koo zetu anayeitwa tasa ni mke tu. Mawifi humsema, waganga hulipwa, na mume hushauriwa kuoa mwingine. Lakini matabibu wanatufundisha kwamba katika nusu hivi ya ndoa zenye shida hiyo, sababu, au sehemu yake, iko kwa mume. Mume anayekataa kupimwa huku akimlaumu mkewe anatenda dhuluma.

Akina mama wengi wamekwisha kusikia habari za mimba inayotungwa maabarani. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na leo huduma hiyo inapatikana hata Nairobi na Dar es Salaam. Maoni yao hutofautiana. Wako wanaodhani kwamba mtoto wa namna hiyo si kiumbe wa Mungu. Wako wanaoiona kuwa dawa ya hakika, wakawa tayari kuuza shamba. Wako pia waliokwisha kuitumia, nao wananyamaza kwa hofu.

Tuelewe kwanza jambo lenyewe. Mayai ya mama hukomazwa kwa sindano, hutolewa, huunganishwa na mbegu za kiume nje ya mwili, na baada ya siku chache kiinitete huwekwa katika mji wa mimba. Gharama ni mamilioni ya shilingi, na majaribio mengi hayafaulu.

Kanisa, katika hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 na ile ya Dignitas Personae ya mwaka 2008, linafundisha kwamba njia hiyo hailingani na hadhi ya uzazi wa binadamu. Mtoto ni zawadi, tunda la tendo la upendo wa mume na mke; si kitu cha kutengenezwa, wala si haki ya kudaiwa. Tena, viinitete vinavyobaki mara nyingi hugandishwa au kutupwa, navyo ni uhai wa binadamu. Na anapotumika mtu wa tatu kutoa yai au mbegu, agano la ndoa linaingiliwa.

Lakini Kanisa halimzuii mtu kwenda hospitali. Kuzibua mirija ya uzazi, kutumia dawa za homoni, kutibu magonjwa ya zinaa mapema, kuzitambua siku za rutuba: hayo yote ni halali. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia ya maabara ni sura ya Mungu kamili. Abatizwe, apendwe, asipewe jina la kumdhihaki.

Ninyi makatekista, Eli alipomsikiliza Hana, aliacha kumkaripia, akambariki. Nanyi sikilizeni kwanza, ndipo mfundishe. Wafundisheni wanandoa kwamba, kwa kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa, utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Ndoa isiyo na mtoto ni sakramenti kamili, na wanandoa wanaomlea yatima ni wazazi kweli.

Si kila Hana atakayempata Samweli wake. Lakini kila Hana anastahili kupata kwetu mahali pa kulia pasipo kuaibishwa. Tumwombe Mungu aifanye kila jumuiya yetu kuwa mahali hapo.

Tumsifu Yesu Kristo!